Chikungunya si neno la Kiswahili: maneno machache kwa mnaoanza wodi

Wadogo zangu mnaoanza mzunguko wa wodi, nawapenda, na ndiyo maana nawagombeza. Kila kundi jipya likiingia, wiki ya kwanza haiishi kabla sijasikia kwenye raundi sentensi ileile kuhusu homa hii ya virusi inayoletwa na mbu: "Chikungunya ni neno la Kiswahili lenye maana ya kutembea umeinama." Msemaji amesimama wima, daftari mkononi, na wenzake wanaitikia kwa vichwa. Wote wamekua wakisema Kiswahili. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia mama yake akilitumia neno hilo jikoni wala shambani. Lakini kitabu cha Kiingereza kimesema ni Kiswahili, basi wanakiamini kitabu kuliko masikio yao wenyewe.

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Mtu asiyeyaamini masikio yake kwa jambo dogo namna hii, kesho atamsikiaje mgonjwa? Kwenye raundi muda hautoshi na vitanda vingine vinasubiri, kwa hiyo nimeamua kuandika. Nimeweka namba ili msiseme sikuwapangia.

1. Neno ni la Kimakonde, na lina kwao.

Kati ya mwaka 1952 na 1953 homa kubwa ilizuka Newala na vijiji vya jirani, juu ya uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika ya wakati ule. Watu walishikwa ghafla: homa kali, harara mwilini, viungo vimekaza hadi mtu hawezi kugeuka kitandani. Daktari Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa, W. H. R. Lumsden akaandika jinsi ugonjwa ulivyoenea, na kazi zao zikachapishwa mwaka 1955. Mwaka uliofuata R. W. Ross akaeleza virusi vyenyewe, baada ya kazi ya maabara kule Entebbe, Uganda. Hawa wote hawakuubatiza ugonjwa. Waliukuta una jina lake. Wamakonde walikuwa wameshauita chikungunya, kutokana na kitenzi chao kungunyala, yaani kukauka na kujikunja, kupindika hadi umbo lipotee.

Hata bila kamusi mngeweza kushtuka. Sisi tunasema Kimakonde, wao wenyewe wanasema Chimakonde. Hiyo chi- yao ndiyo ki- yetu. Neno la Kiswahili la ngeli hiyo, kiambishi kikifuatwa na konsonanti, lingeanza na ki-. Najua mtaniambia kwamba linafanana na kukunja na kukunjamana. Linafanana, ndiyo. Lugha hizi ni za ukoo mmoja, na watu wa ukoo hufanana sura, lakini mtoto wa shangazi yako hawi mwanao kwa sababu mna pua moja.

Virusi vilipolipuka Lamu mwaka 2004, vikaingia Mombasa, vikafika Komoro mwaka 2005, kisha kisiwa cha Réunion ambako karibu theluthi ya wakazi waliugua, halafu India mwaka 2006, neno likaingia vinywani mwa madaktari wa dunia nzima. Kosa nalo likasafiri. Tangu hapo makala moja inanakili nyingine, na nyinyi mnanakili makala.

Mtauliza, kuna tofauti gani likiwa la Wamakonde au la Waswahili, mgonjwa si anaumwa tu? Ipo tofauti. Baadhi yenu mtapangiwa Newala, Tandahimba, Masasi, Mtwara. Mtakutana na wazee wanaoanza kujieleza kwa Kiswahili, maumivu yakizidi wanarudi kwenye lugha waliyonyonya. Nimefungua mafaili nikakuta mwenzenu ameandika "historia haieleweki". Haieleweki kwa nani? Bibi ameeleza vizuri kabisa, aliyeshindwa ni aliyeshika kalamu. Mhudumu yupo, mlinzi yupo, binti aliyemleta bibi yuko nje kwenye benchi. Mwite, kaeni chini, akutafsirie neno kwa neno. Wazee wa bibi huyo ndio walioutazama ugonjwa huu kwa makini kabla ya daktari yeyote, na neno lao ndilo linaloandikwa leo kwenye majibu ya maabara, Ulaya na Marekani. Si haki lugha hiyohiyo ichekwe mlangoni pa wodi ya nyumbani kwao.

2. Andika maneno ya mgonjwa kabla ya maneno yako.

Hili ndilo nililotaka kusema tangu mwanzo, mengine ni viungo vya mchuzi. Na kwa kuwa sitaki mlijifunze kama nilivyojifunza mimi, nitawasimulia jambo ambalo mpaka leo linaniuma.

Nilikuwa mgeni kazini, kwenye hospitali moja ya pwani ambayo sitaitaja. Siku hiyo niko OPD, kwa wagonjwa wa nje, foleni imetoka nje ya mlango. Akaingia mama mmoja mtu mzima, mama ntilie, anapika wali na maharage karibu na stendi. Nikamuuliza, "Mama, unasumbuliwa na nini?" Akanijibu hivi: "Mwanangu, homa imenishika juzi usiku, nilikuwa mzima naosha vyombo. Lakini homa naivumilia. Mikono ndiyo imenigomea. Nikikaa kwenye mbuzi nikune nazi, kifuu kinaniponyoka. Asubuhi vidole havifunguki mpaka nivichovye kwenye maji ya moto. Na hapa kwenye vifundo vya miguu, huku na huku, nikishuka kitandani natembea kwa kushika ukuta."

Hebu yasomeni tena maneno hayo. Homa ya ghafla ambayo mgonjwa anakumbuka hata alikuwa anafanya nini. Viungo vidogo: vidole, viganja, vifundo. Pande zote mbili. Ugumu wa asubuhi. Kushindwa kushika kitu ambacho mikono yake imekishika kila siku tangu usichana. Mama aliniwekea utambuzi wote mezani, kwa Kiswahili safi, bila kuombwa. Mimi nikainamisha kichwa nikaandika: "Homa, maumivu ya mwili mzima, siku 2."

Basi. Mikono iliyogoma, kifuu kilichoponyoka, maji ya moto, vyote vikaishia hapo, ndani ya maneno manne ambayo yamo kwenye kila faili la kila mgonjwa wa homa nchi hii.

mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, ikaja hasi. Nikajiambia kipimo kimekosea, maana pwani homa ni malaria, tulikuwa tumeshazoea hivyo. Nikampa dawa mseto, nikaagiza achomwe sindano ya diklofenaki kwa ajili ya maumivu, nikamwita anayefuata.

Akarudi. Homa ilikuwa imeshuka yenyewe, kama kawaida ya ugonjwa huu, nami nikadhani dawa imefanya kazi. Viungo vilikuwa vilevile. Nikafungua faili, nikasoma mwandiko wangu, "maumivu ya mwili mzima", nikaona ni yaleyale. Nikampa panadoli, nikamwambia apumzike. Mama ntilie apumzike! Nani atapika? Safari iliyofuata alimkuta mwenzangu zamu. Mwenzangu alikuwa mtu makini kuliko mimi, ila naye alilisoma faili kabla ya kumtazama mgonjwa. Akaona homa, akaona maumivu ya mwili, akaona dawa mseto, akahitimisha kwamba huenda ni malaria sugu. Akamwandikia dawa nyingine, ya kununua dukani.

Aliyetuokoa ni sista mmoja wa siku nyingi, mzaliwa wa kusini. Alimwona mama akiingia getini, akaja mezani kwangu. Mbele ya wagonjwa hakutaka kuniaibisha, akanivuta pembeni. "Daktari, yule mama umewahi kumtazama anavyotembea?" Nikatoka hadi barazani. Mama alikuwa anakuja ameinama kiunoni, magoti hayanyooki, mkono mmoja uko begani kwa mjukuu wake, mwingine ameukunja kifuani, vidole vimejikunyata na vinang'aa kwa kuvimba. Anasimama kila baada ya hatua chache. Chikungunya yenyewe, kwa maana ileile waliyoipa wenye neno, inavuka uwanja wa hospitali mchana kweupe. Na mimi swali lake nililijibu kwenye mtihani nikapata alama zote.

Tukachukua damu, ikapelekwa maabara ya rufaa, na majibu yaliporudi kingamwili za IgM za chikungunya, alama ya maambukizi ya karibuni, zilikuwepo. Wakati huo banda lake lilikuwa limeshafungwa. Pesa ya mtaji ilikuwa imeishia kwenye dawa za malaria ambayo hakuwahi kuwa nayo. Nilimwita, nikamweleza, nikamwomba radhi. Hakunifokea. Alinitazama tu akasema, "Mwanangu, mimi nilikuambia mikono."

Sina cha kujitetea hapo. Aliniambia mikono. Aliniambia mpaka na kazi ambayo mikono imeshindwa. Laiti ningeandika "mikono imenigomea, kifuu cha nazi kinaniponyoka" kwenye malalamiko makuu, hata kama mimi nisingejua maana yake, mwenzangu wa zamu iliyofuata angesimama hapo na kujiuliza. Nilichoandika mimi hakikumpa mtu yeyote sababu ya kusimama.

Kwa hiyo agizo langu wodini halibadiliki, na mnaolalamika kwamba linachelewesha kazi endeleeni kulalamika. Mstari wa kwanza wa malalamiko makuu ni maneno ya mgonjwa, ndani ya alama za kunukuu, kwa lugha aliyoyasema. Mstari wa pili ndipo uje na utaalamu wako, athralgia yako (maumivu ya viungo) na uliyoyasoma. Robinson na wenzake wangefanya kama mimi, ugonjwa ule ungeitwa leo homa namba fulani ya Newala, na dalili yake kubwa isingekuwa imeandikwa kwenye jina lake.

3. Mama akikuambia jambo la kienyeji, usicheke, uliza swali linalofuata.

Mnaijua kwashiakoo. Uso wa mviringo, miguu imevimba, nywele zimebadilika rangi, mtoto hataki kucheza. Neno hili limetoka kwenye lugha ya Kiga, Ghana ya leo, ambayo enzi hizo iliitwa Gold Coast. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akalitumia jina hilo kwenye jarida la Lancet. Wapo wakubwa zake katika fani waliosema kwamba anachokiona ni pelagra tu, ugonjwa mwingine wa upungufu wa lishe. Yeye alishikilia jina la wanawake wa kule, ambao maana yao ilikuwa ugonjwa wa mtoto wa kwanza anapozaliwa wa pili. Angalieni jina hilo linavyofanya kazi. Linakuambia ni mtoto yupi, wa umri gani hasa, na kilichotangulia: ameondolewa kwenye ziwa kumpisha mdogo wake, akapewa uji mtupu. Historia yote ya lishe imo ndani ya neno moja, na walioitunga ni akina mama wasio na mizani wala kadi ya kliniki.

Sasa mje wodi ya watoto hapa kwetu. Mama anasema, "Daktari, bibi yake anasema mtoto amebemendwa." Nawaona mnavyotazamana na kubana vicheko. Mama anaona, ananyamaza, na historia imekwisha hapo. Mimi sisemi muamini sababu inayotolewa na bibi. Nasema bibi ameona jambo la kweli: mtoto anakonda wakati ambapo wazazi wamerudiana na pengine mimba nyingine imeingia. Muulize mama taratibu kama ana ujauzito, alimwachisha lini ziwa, anampa nini asubuhi, nani anamlisha yeye akienda shamba. Maswali manne hayo, yote yamefunguliwa na neno moja la bibi.

4. Jina halithibitishi ugonjwa.

Malaria ni maneno mawili ya Kiitaliano yaliyounganishwa, yenye maana ya hewa mbaya. Watu wa karibu na vinamasi vya Roma waliona kwamba anayelala huko anaamka na homa, wakailaumu harufu ya matope. Waingereza wakalichukua neno hilo katika karne ya 18. Mwaka 1880 Alphonse Laveran akaviona vimelea kwenye damu ya askari kule Constantine, Algeria. Mwaka 1897 Ronald Ross akaviona ndani ya mbu kule India. Hewa ikaachiwa huru, jina likabaki. Hata huyo mbu, Anopheles, aliitwa hivyo na Meigen mwaka 1818 kwa neno la Kigiriki lenye maana ya asiye na faida, na hapo hakuna aliyejua anabeba nini.

Ninalotaka mtofautishe ni hili. Chikungunya ni jina linalotunza kilichoonekana kwa macho. Malaria ni jina linalotunza maelezo yaliyokwisha kufa. Sasa hapa kwetu neno hilo limepata maana ya tatu: mtu akisema "nina malaria" huenda anamaanisha tu kwamba mwili una joto na kichwa kinauma. Akikuambia hivyo, usiandike malaria. Muulize, "Malaria yako inakufanyaje?" Na kipimo kikija hasi, amini hasi, endelea kutafuta.

5. Dengue, chikungunya na sindano ya diklofenaki.

Hapa nitazunguka kidogo, mnivumilie, kwa sababu kisa hiki ni cha pwani yetu na sioni kikifundishwa.

Mwaka 1870 Zanzibar ilikumbwa na homa iliyowaangusha watu nyumba kwa nyumba. Daktari James Christie alikuwa akifanya kazi huko. Aliwauliza wenyeji, wakamwambia ugonjwa huo wanao jina lake, na wazee wakakumbuka kwamba uliwahi kupita miaka mingi nyuma, karibu na mwaka 1823. Jina alilolisikia Christie aliliandika kwa namna ya kidinga pepo: mkakamao wa ghafla unaoletwa na pepo. Baadaye, mwaka 1881, akatoa hoja kwamba homa iliyoenea visiwa vya Karibi mwaka 1827 na 1828 ikaja kuitwa dengue ilipata jina lake huku kwetu, likivuka bahari na watu waliotekwa na kuuzwa. Kule Karibi neno hilo lilikutana na neno la Kihispania, dengue, lenye maana ya madaha, na Waingereza wakauita ugonjwa homa ya mtanashati, kwa jinsi wagonjwa walivyotembea wamekaza shingo na viungo. Hoja ya Christie ina wanaoikubali na wanaoipinga hadi leo. Lakini sisi neno tunalo: matangazo ya wizara yanaandika kidingapopo, pepo amekuwa popo.

Kilicho kitamu zaidi ni hiki. Mwaka 1971 Donald Carey alizisoma upya habari za magonjwa hayo ya zamani, akaona yale maumivu ya viungo yanayokaa wiki na miezi, akasema kwamba mlipuko wa Zanzibar wa mwaka 1870, na ule waliokumbuka wazee, unafanana na chikungunya kuliko dengue. Kama alisema kweli, na kama Christie naye alisema kweli, basi jina la dengue lilizaliwa kwa ajili ya ugonjwa ambao leo tunauita kwa jina la Kimakonde. Majina mawili, yote ya upande wetu wa Bahari ya Hindi, na wataalamu wakayabandika kwa kupishana kwa sababu homa zote mbili huanza kwa namna moja na huletwa na mbu yuleyule, Aedes aegypti, anayeuma mchana.

Kwa hiyo msione aibu kuzichanganya mgonjwa akiwa na siku mbili za homa. Wamezichanganya wakubwa kwa zaidi ya miaka mia. Aibu ni kumchoma mtu diklofenaki kabla ya kujua ni ipi. Virusi vyenyewe ni vya koo tofauti: vya chikungunya ni alfavirusi, vinapenda viungo, vya dengue ni flavivirusi, navyo vinaweza kushusha chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na kufanya mishipa ivuje. Mpe mgonjwa wa dengue aspirini, ibuprofeni au diklofenaki, umemsogeza karibu na kutoka damu. Yule mama yangu wa mikono nilimchoma sindano hiyo bila hata kufikiria. Hakutoka damu kwa sababu hakuwa na dengue, wala si kwa sababu mimi nilikuwa mwangalifu. Hadi dengue iondolewe kwenye orodha, maumivu ni panadoli na maji ya kunywa, na fizi zitazamwe kila siku. Mgonjwa akilalamika tumbo linauma sana wakati homa inashuka, usimruhusu aende nyumbani.

6. Mizizi ya Kigiriki jifunzeni, ila kwa matumizi.

Mkishajua kwamba algos ni maumivu na arthron ni kiungo, athralgia haihitaji kukaririwa, na mtajua kwamba kuandika athritisi wakati kiungo hakijavimba ni kumsingizia mgonjwa. Disfajia ni shida ya kumeza, disfasia ni shida ya kusema. Moja inatoka kwenye kula, nyingine kwenye kunena, na herufi moja ikikosewa mgonjwa wa kiharusi anapelekwa kupimwa umio. Viambishi haipo- (chini ya kawaida) na haipa- (juu ya kawaida) visemwe kwa sauti kwenye makabidhiano ya zamu, vikifuatwa na tarakimu: usiseme tu haipoglisemia, sema sukari 2.1.

7. Nayo o'nyong-nyong msiisahau.

Hili ni neno la Kiacholi, la viungo vilivyoishiwa nguvu. Ugonjwa huo ulilipuka kaskazini mwa Uganda mwaka 1959, ukaenea Afrika Mashariki hadi watu wapatao milioni mbili wakaugua katika miaka mitatu. Virusi vyake ni ndugu wa karibu wa chikungunya, hadi vipimo vya kingamwili vinaweza kuvichanganya, lakini mbu wake ni Anopheles, yule wa usiku. Hapo tena wenyeji walitaja viungo kwanza, homa baadaye, sawasawa na Wamakonde, bila kuulizana.

8. Mwambie mgonjwa wa chikungunya ukweli kuhusu muda.

Hii ndiyo sehemu mnayoiruka kila siku. Homa inaisha ndani ya wiki, mnamruhusu, mnamwambia "utakuwa sawa". Viungo havijui hivyo. Vinaweza kuuma wiki kadhaa, miezi, na kwa baadhi, hasa wazee, zaidi ya mwaka, vikipoa na kurudi. Asipoambiwa atadhani ameambukizwa tena, ataingia duka la dawa, atanunua dawa mseto, na mtaji wa mtu mwingine utaishia huko.

Kwa hiyo kabla hajatoka: mweleze kwamba maumivu yatakaa, na kwamba kukaa kwake si malaria. Mpe tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi, na uandike pia ni vidole gani vilikuwa havifunguki na kazi gani ilikuwa imemshinda, ili atakayempokea alinganishe. Siku za mwanzo za homa damu yake ina virusi vingi, hivyo alale ndani ya chandarua hata mchana, asije akawapa mbu wa nyumba nzima. Na muulize maji ya nyumbani anayahifadhi kwenye nini. Kwenye ukame wa Lamu wa mwaka 2004, na kwenye uwanda wa Makonde ambako maji ni ya shida tangu enzi, watu huweka maji ndani kwa siku nyingi, na Aedes huzaliana humo humo. Pipa, mtungi, ndoo ya bafuni: kimoja kimoja, vina mifuniko au havina.